Chaki ya Baba Kwenye Sakafu Mpya

Mdogo wangu Mlingoti,

Pokea salamu zangu kabla hujapokea malalamiko yangu, maana hayo ni mengi. Natumai u mzima huko uliko, kazi inakwenda, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Watoto wanakula na kukua. Shemeji yako yupo, ingawa tangu tuanze ujenzi amegundua kwamba ofisini kwake kuna kazi nyingi za Jumapili. Baba ni mzima wa kutembea na kubisha. Wa kuhurumiwa ni mimi, kwa sababu ya madirisha.

Unaikumbuka ramani niliyokutumia. Sebule ilikuwa na madirisha mawili ya kawaida, ya watu wenye akili zao. Basi siku moja nilitoka kazini nikapitia kwenye ujenzi, nikakuta upande wa magharibi, ule unaotazama geti, hauna ukuta. Nguzo zimesimama, katikati hewa tupu. Nikamuuliza fundi mwashi amekosa tofali au amekosa adabu. Akanijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kuagizwa, kwamba mzee amesema pale hapajengwi kitu, patawekwa vioo kutoka sakafuni hadi darini.

Mzee mwenyewe ni baba yetu huyu huyu, aliyeshona nguo za watu maisha yake yote mapazia yakiwa yamefungwa, kwa kuwa jua linachujua vitambaa. Wewe ndiye uliyechapwa kwa kusahau pazia wazi juu ya ile suti ya bwana harusi. Leo ameacha cherehani, anataka tuishi ndani ya chupa. Nilimwambia jua la jioni litatuoka. Akasema tutaweka mapazia. Nikamwambia wapita njia watatuona tunavyokula. Akasema basi tule vizuri.

Fundi wa alumini alipokuja ndiye aliyenimaliza. Alisema pazia la ndani kwa vioo vikubwa namna hiyo ni kujidanganya, kwani joto likishapita kwenye kioo limeshakuwa mgeni wako. Yanatakiwa mapazia ya nje, ya vibao vya alumini, yanayoshuka mbele ya kioo na kukunjika juu ndani ya boksi. Boksi hilo lazima litengewe nafasi sasa, kabla ya lipu, la sivyo litabaki limening'inia nje na nyumba nzima itaonekana haijaisha. Kwa maoni yake yeye, bora vibao vya kudumu visivyopanda wala kushuka, kwa kuwa haviharibiki. Baba alikataa katakata. Alitaka yanayopanda yote, hata kibao cha mwisho kisionekane. Walibishana hadi chai ikapoa, na mzee akawa anarudia neno lile lile, kwamba akitaka mwanga aupate wote.

Ili ajue kioo kipi kinahitaji pazia na lishuke hadi wapi, fundi alitaka mtu akae pale alasiri, achore kwa chaki mahali jua linapofika sakafuni, na baada ya muda achore tena. Baba alijitolea kabla sijafumbua mdomo. Sikuwa na wasiwasi, maana nani wa kuaminiwa na chaki kuliko mtu aliyekata suti za nusu ya mji?

Mdogo wangu, ile mistari ilikuwa aibu. Fundi aliitazama akacheka, kisha akaacha kucheka. Kwa hesabu ya mistari ile, jua letu lilikuwa linachelewa kuingia, linapumzika katikati ya sebule, halafu linarudi lilikotoka. Aliniuliza kwa adabu kama mzee hana ugomvi na mapazia. Hapo hapo nikaamini kwamba Baba anatuhujumu, anatupotezea muda makusudi mpaka lipu ipigwe na nafasi ya boksi ipotee. Nilimwambia hivyo mezani, mbele ya wajukuu zake, tena kwa sauti. Aliomba tu apewe alasiri moja nyingine.

Alasiri hiyo niliomba ruhusa kazini nikaenda kumfumania. Jua lilikuwa kali, limelala sakafuni, ukingo wake umenyooka kiasi cha kukatia kitambaa. Baba alikuwa amevua viatu. Alitembea peku, polepole, akipapasa sakafu kwa wayo, anasogea, anarudi, kisha akainama na kuchora. Aliuchora mstari mbali na ukingo, ndani kabisa ya jua, pale ambapo zege lilikuwa limekwisha kupata moto. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake, kwenye mwanga huo huo. Aliinua uso akauliza, "Fundi, ni wewe?"

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu makali tayari mdomoni. Nilimwambia tu ni mimi. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayemtajia mteja vipimo vyake. Macho yalianza kufifia kabla hajaacha cherehani, na ndiyo sababu aliiacha. Aliposema ni mgongo unaomsumbua alituongopea. Katika nyumba tunayoishi anatembea kwa mazoea tu. Haoni tena sura zetu, ila mtu akipita mbele ya mwanga mkubwa bado analiona umbo lake.

Kisha akasema, "Mlingoti amesema atakuja nyumba ikiisha. Nilitaka kioo cha kumtosha yule, kuanzia miguu hadi kichwa."

Nililia, sikufichi. Halafu nikamgombeza, kwa sababu nilikuwa na hasira kweli, na bado ninazo. Aliniapisha nisikwambie. Nimeapa, na sasa nakwambia, Mungu atanielewa. Daktari wa macho amempima. Anasema kilichopotea hakirudi, kilichobaki huenda kikashikiliwa na dawa ya matone, kwa muda gani hajui. Na wewe nina hasira nawe, wewe na hilo neno lako la nyumba ikiisha. Nyumba haiishi, mdogo wangu. Kuna lipu, kuna rangi, kuna mafundi wasiopokea simu.

Nafasi za maboksi zimeshatengwa. Fundi alirudia mistari yeye mwenyewe, na Baba akashika mwisho wa kamba ya kupimia. Vioo vinawekwa juma lijalo. Mapazia ya nje nimemwambia fundi asiyaharakishe.

Njoo kabla hayajafungwa. Ukifika usipige honi, wala usibishe hodi. Ingia getini, upite mbele ya vioo taratibu, na ukifika mlangoni inamisha kichwa kama ulivyozoea, ingawa mlango huu nimeurefusha kwa ajili yako. Usiseme kitu. Mwache yeye akutaje kwanza.

Watoto wanakusalimu sana. Shemeji yako pia, popote alipojificha. Baba anakusalimu bila kujua ninaandika nini. Nasubiri kukuona, si kusoma majibu yako.

Ni mimi dada yako,
Jenerali