Mazizi ya Kabula Kwenye Skrini Nyeusi

Mwangaluka, mayu Kabula, binti yangu.

Mimi baba yako nina miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili. Ukame ulioua ng'ombe wa hapa kwetu Mwamapalala uliniacha nimesimama. Wenzangu niliochunga nao wote wamelala. Nikadhani nimemaliza kuzika. Kumbe bado wewe.

Sijalia. Watu wanasema najikaza. Sijikazi, hakuna kitu tu. Pamba nimechuma, ugali nakula, ladha sisikii.

Jumamosi kaka yako Masanja alikuja na mkewe kuchukua kompyuta yako. Anataka ifutwe yote, aitumie dukani kwake Dutwa. Nikamwambia ngoja, nione kwanza Kabula ameacha nini. Akacheka. "Mzee, hata jina lako unaliandika kwa jasho." Kweli. Lakini ulipolala hapa unaumwa ulimfundisha nani kompyuta? Mimi. Kijiji kizima, mimi tu.

Nikafungua ile skrini nyeusi ya kuandikia amri. Nikaandika ls -d nikabonyeza. Ikatoka nukta moja. Nukta, mayu, basi. Masanja akasema, "Umeona? Hamna kitu." Akaanza kuviringisha waya wa chaji. Mimi nikabaki naitazama ile nukta. Nikaona ndivyo nilivyo siku hizi.

Ndipo nikakukumbuka ulivyokuwa ukinikaripia. "Baba, ls peke yake inakuletea ng'ombe na mazizi, faili na folda, vyote pamoja. Hiyo d inakuambia simama nje, usiingie. Nyota ni vyote vilivyopo. Kimstari cha mwisho kilichoinama ni mti wa lango. Penye lango ndipo zizi." Nilikuwa nimesahau nyota na lango. Nikaandika upya, kidole kimoja:

ls -d */

Yakaja mazizi yako, folda zako zote. kazi/ na masomo/ na picha/. Na la mbele kabisa, baba/.

Masanja akalisoma. Akaurudisha waya mezani.

Sijaingia, mayu. Nimesimama langoni, kama ile d ilivyosema. Kompyuta haifutwi mimi nikiwa hai, hilo nakuahidi, na siku nitakayosikia tena ladha ya ugali nitaingia nione uliniwekea nini. Wewe pumzika.

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Wakisema huko uliko kwamba mzee anajisifu, Masanja alikuwepo. Na mkewe Nkwimba alikuwa mlangoni anapepeta mtama, aliona yote. Yeye ndiye aliyelia.