Mstari wa Msumari kwenye Mlango wa Banda la Kuku

Mama yangu, shikamoo.

Mimi ni mzima, ila mikono imepasuka kwa baridi ya huku Afrika Kusini. Goti lako linaendeleaje? Hadija ameniambia siku hizi ukitoka sokoni Korogwe unapanda bodaboda, nikashukuru. Najua ni yeye anayekusomea. Mdogo wangu, soma polepole penye namba, na usiruke mahali.

Sikupiga simu kwa sababu unaweka sauti kubwa na majirani wote wanasikia. Haya nataka wayasikie, lakini siku utakayoichagua wewe.

Hadija alinitumia picha ya kibao alichopigilia baba mdogo mbele ya kibanda chake cha kutengenezea ndoo na matangi: "Hapa ndipo alipofundishwa fundi wa ndege." Hapo hapo penye kibao ndipo aliponifukuza mbele ya wateja, baada ya tangi la chai la Mama Halima wa Mombo kuchanika na kumuunguza miguu. Alisema, "Hilo amegonga Zaina, mimi sikuligusa." Wewe ukaenda Mombo na kuku wawili kumwombea radhi mwanao. Miaka tisa hujaniuliza kama ni kweli. Sikulaumu, mama. Ila leo nakujibu.

Kazi yangu ni hii. Ngozi ya ndege ni bati la alumini. Ikipasuka tunakata palipoharibika, tunaweka kiraka na kukifunga kwa ribiti, vile vijipini vya kugonga alivyotumia baba. Mwaka wa kwanza waliniweka stoo kuchambua ribiti tu. Yenye kijishimo katikati ya kichwa ni aina moja, yenye vijistari viwili ni nyingine, na hizo za vijistari zinakaa kwenye friji kama samaki, maana zikikaa nje muda mfupi tu zinakuwa ngumu, hazigongeki. Walikuwa wakinicheka, ati nachagua mchele. Sikuchanganya hata moja. Sasa nachagua na kupanga mwenyewe: unene wa ribiti mara tatu ya unene wa bati, na kutoka moja hadi nyingine si chini ya mara tatu ya unene wa ribiti. Huku mistari tunaichora kwa kalamu. Ukichora kwa msumari unafukuzwa, kwa sababu mkwaruzo haufutiki, na ndege huanza kupasukia hapo.

Mwezi uliopita mwenzangu alipanga kiraka cha bawa, ribiti zikakaa ukingoni kabisa, zimependeza kweli. Mkaguzi wetu, mzee Themba, akaweka rula, akakikataa. Akachukua kipande cha mazoezi kilichopangwa vilevile, akakivuta kwa mashine mpaka kikaachia, akatuita tuone. Ribiti zote zilikuwa nzima. Bati ndilo lililochanika, kutoka kila tundu hadi ukingoni, kama karatasi.

"Ukikuta hivi," akasema, "usimuulize aliyegonga. Muulize aliyepanga."

Mama, nilitoka nje nikakaa chini. Mchaniko ule niliwahi kuuona.

Kitabu chetu kinasema katikati ya tundu iwe mbali na ukingo angalau mara mbili ya unene wa ribiti. Marehemu baba hakusoma kitabu hicho. Alinifundisha kulaza ribiti mbili ubavu kwa ubavu kuanzia ukingoni, zinapoishia ndipo unatoboa. Ni kitu kilekile. Tangi la Mama Halima nilipanga hivyo: ribiti za milimita nne, nikalaza mbili, nikachora mstari kwa msumari kwenye nane. Baba mdogo akaja. "Unakula bati langu, wewe. Sogeza." Akachora mstari mwingine kwenye tano, kwa mkono wake. Mimi nikatoboa na kugonga, maana nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kibanda cha baba kilishakuwa chake tangu tulipozika. Kwa hiyo hakudanganya. Niligonga mimi.

Sasa nisikilize. Kile kipande cha tangi kilichochanika ulikifanya mlango wa banda la kuku. Kisugueni kwa majivu, mtaona mistari miwili. Hadija apime kwa ile rula aliyobaki nayo tangu shule: matundu yako kwenye tano, na juu yake mstari mtupu kwenye nane. Kipelekeni kwanza Mombo, Mama Halima akione na apitishe kidole mwenyewe. Halafu siku ya soko, kibanda kikiwa na wateja, nendeni wote watatu mkasimame chini ya kile kibao. Usitukane, mama, wala usipaze sauti. Mpe rula, asome yeye. Akimaliza kusoma, mwombe aeleze mstari wa nane ni wa nani. Kibao asikibandue. Aongeze tu mwishoni "na", kisha jina la baba.

Kuku watafutieni ubao.

Nisalimie bibi wa Mashewa, mwambie blanketi lake najifunika kila siku. Nisalimie shemeji, mume wa Hadija, na yule mjomba fundi baiskeli aliyenipa nauli ya kuondokea. Baba mdogo usimsalimie. Salamu zake ziko mlangoni pa kuku.

Ni mimi mwanao, niliyepanga kwenye nane,
Zaina