Futi Ishirini Mbele, Thelathini Ndani

Solin, 14 Novemba 1931

Kaka yangu mpenzi Jerko,

Salamu zangu zivuke bahari mpaka Antofagasta, zikukute mzima wewe, wifi Marija na watoto. Mimi sijambo, ila goti la kushoto hunisumbua kila nikipanda shambani. Zabibu tumevuna, divai imetulia mapipani, na punda angali mkaidi vilevile ulivyomwacha.

Barua yako imefika, pamoja na hati uliyotia sahihi ili jirani yetu Vicko auziwe shamba la mizabibu, nami nije huko nisizeeke peke yangu. Nimeisoma mara tatu. Kabla sijakujibu, sikiliza yaliyotokea.

Unalikumbuka jiwe la mpakani, lenye herufi D na M. Tulilelewa tukiambiwa kwamba babu wa babu yetu, Duje Mikelić, alichonga jina lake pale kwa mkono wake, na baba hakulipita bila kulivulia kofia. Basi wiki iliyopita alikuja Profesa Kargotić, yule anayechimba magofu ya Warumi bondeni. Alipiga magoti, akatabasamu, akasema herufi hizo zimo katika makaburi ya Warumi chungu nzima, na ni kifupi cha maneno ya Kilatini, maana yake "kwa roho za marehemu". Vicko alikuwapo, amekuja kupima shamba hata kabla ya kulinunua. Alicheka akishika mbavu.

"Kumbe babu yenu alizikwa mara mia, Tonka?"

Niliona aibu, Jerko, sikufichi. Akazidi kunisuta kwamba ikiwa hata jiwe si letu, mwanamke peke yangu nang'ang'ania nini pale. Hasira ikanipanda. Nikachukua brashi ya kusafishia mapipa, nikasugua kuvu yote, nikamwambia profesa asinisomee herufi mbili tu, asome mpaka mwisho. Akasoma polepole kwamba Aurelia Tertia, akiwa hai, alijinunulia mahali hapa, pawe pake na pa kaka yake aliyefia ng'ambo. Kipimo chake futi ishirini mbele, thelathini ndani. Atakayeingilia atatozwa faini.

"Umesikia, Vicko?" nikamwambia. "Thelathini ndani. Na wewe umesimama wapi?"

Akarudi nyuma hatua mbili kabla hajajijua. Profesa alicheka hata akavua miwani kufuta machozi.

Sasa nikiri, maana utaambiwa na wengine. Hati yako sikuipeleka kwa wakili. Nimeifungia dagaa wa chumvi, nikampelekea Vicko sikukuu ya Mtakatifu Martin, ajisomee kilichobaki. Ukasirike ukitaka. Nusu yako ipo palepale, na haiuzwi, wala yangu.

Jiwe nimemwachia profesa alipeleke makumbushoni, kwa kuwa kweli halikuwa letu. Ila shimo lake sikuliacha wazi. Fundi amenichongea jipya lenye T na M, na chini yake maneno mawili: akiwa hai. Chini zaidi nimeacha nafasi ya jina lako. Njoo ulichonge mwenyewe, Jerko. Usiniachie mimi kazi ya Aurelia.

Nibusie watoto, na mwambie wifi tini zilizokaushwa ziko njiani.

Ni mimi dada yako, nisiyehama,

Tonka Mikelić