Dumu Lililoganda Mafinga

Mafinga, 18 Julai

Dada yangu Devotha,

Shikamoo, na kamwene pia, usije ukasema Mafinga imenisahaulisha kwetu. Shemeji na watoto hawajambo huko Mbeya? Na kifua cha mama kimetulia? Mimi mzima, ila baridi ya huku mwaka huu acha tu. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe pe.

Ile dawa uliyotushauri, dimethili kaboneti, bosi wetu mzee Saulo aliinunua kwa ajili ya karakana. Dada, wewe mwalimu kweli! Inayeyusha vanishi vizuri, inakauka upesi, na harufu yake ni ya utamutamu tu. Jioni hatutoki tena vichwa vinagonga kama enzi za thina. Moto tu ndio hatari, kwa hiyo jiko la mkaa tumelihamishia mbali. Nilipowaambia wenzangu kwamba imo hata ndani ya betri za simu, walinicheka.

Sasa Jumatatu tulikuta dumu zima limeganda kama barafu. Mzee Saulo akawaka. Alisema kinachoganda ni maji, na kwamba Yudith, mtunza stoo wetu, ameuza dawa akajaza maji. Akamwambia aache ufunguo aende zake. Mama wa watoto watatu!

Yudith hakulia. Aliomba dumu likae juani kwanza. Ilipoyeyuka, alimimina kidogo kwenye glasi, akaomba maji. Nikamletea mimi. Akayaongeza, wala havikuchanganyika! Maji yalikaa juu, dawa ikatulia chini. Kisha akatusomea karatasi iliyobandikwa kwenye dumu, ambayo sisi wote hatukuwahi kuihangaikia: huganda baridi ikifika nyuzi nne hivi. Lo, yule mwanamke nilimvulia kofia! Mzee Saulo alimrudishia ufunguo na kumwomba radhi.

Baadaye Yudith alinifuata kunishukuru. Alisema siku ile ni mimi peke yangu niliyesimama naye, kwa yale maji. Nikaitikia, dada. Nikaitikia kabisa! Na ni mimi niliyemnong'oneza mzee kwamba Yudith ameiuza. Sikuona kitu. Niliumia tu alipopewa stoo niliyoitamani. Naona aibu hata kukuandikia.

Kesho tukikusanyika kwa sala kabla ya kazi, nitasema mbele ya wote, Yudith akinitazama. Nikifukuzwa, nitakuja kwako. Mama usimwambie, nitamweleza mwenyewe.

Nisalimie shemeji, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Uniombee nisimeze maneno.

Ni mimi mdogo wako,
Edmund