Karatasi ya Mguu wa Nettie Ruth

OFISI YA SHERIFU, KAUNTI YA MARLOW
LOFTIN, ALABAMA

MAELEZO YA SHAHIDI
Shauri: Clement Rountree, mpiga picha, kwa kutangaza picha ya uongo na kuchochea ugomvi

Jina: OZELLA
Rangi: Mweusi
Umri: Miaka 34
Kazi: Kufua na kupiga pasi
Makazi: Ng'ambo ya reli, Loftin
Tarehe: Ijumaa, 19 Oktoba 1956, saa nne na dakika kumi asubuhi
Mbele ya: Naibu Sherifu D. Purcell

Hayo ya juu yalichapwa kwa mashine kabla sijashika kalamu. Kuanzia hapa ni mkono wangu. Jina langu ni Ozella Tarver. Hapo juu wameishia njiani.

Nimesoma hadi darasa la nne, shule ya kanisa, miezi ile ambayo hatukuwa tunachuma pamba. Nikikosea herufi, hakimu anisamehe. Naandika mwenyewe kwa sababu leo asubuhi Naibu Sherifu Purcell alinipa karatasi nyingine iliyokwisha chapwa, akaniambia niweke alama ya msalaba pale chini nirudi zangu nyumbani. Nikamwambia najua kusoma. Nikaisoma pole pole, kidole kwenye mstari. Ilisema kwamba Clement Rountree alinilipa nimwigizie mambo ambayo hayafanyiki katika mji huu. Nikairudisha mezani. Akacheka. Akasema, "Basi andika ya kwako, Ozella, kama unaweza. Tuna siku nzima."

Mtoto nimemwacha kwa jirani, na maharage nimeyaacha yamelowekwa. Lakini kama ni siku nzima, basi ni siku nzima. Mchungaji Swann wa kanisa letu ananisubiri nje, kwenye benchi la watu weusi.

Mnamo tarehe 25 Agosti mwaka huu, siku ya Jumamosi, yapata saa tatu asubuhi, nilikuwa nyumbani kwangu. Shule zilikaribia kufunguliwa na binti yangu Nettie Ruth, mwenye umri wa miaka saba, hakuwa na viatu. Viatu vya watoto hapa Loftin vinauzwa duka moja tu, la Bwana Hembree. Ndani kuna viti sita vya ngozi nyekundu, na kuna chuma cha kupimia mguu. Viti hivyo si vyetu, na chuma hicho si chetu. Sisi tunasimama mlango wa nyuma. Haturuhusiwi kutia mguu kwenye kiatu kabla hatujakinunua, na tukishakinunua hakirudishwi, kwa sababu hakuna Mzungu atakayekivaa baada yetu. Ndiyo maana mama wa upande wetu humchora mtoto mguu kwenye karatasi ya kaki, anaikata kwa mkasi, anaipeleka dukani, na Bwana Hembree anaitumbukiza ndani ya kiatu kuona kama inaenea. Mama yangu alinichora hivyo. Bibi yangu alimchora mama yangu. Hatukungoja mtu wa Chicago aje kutufundisha.

Clement Rountree ni kijana mweusi wa miaka ishirini na sita, mpiga picha wa jarida la Chicago. Alikuwa na siku nne mjini, amefikia kwa Mchungaji Swann. Alipiga picha za wanaume wa kiwanda cha mbao wakila chakula cha mchana, za kamba zetu za nguo, za watu wakitoka kanisani. Sisi tulimcheka. Tulisema ametoka mbali kote huko kuja kupiga picha za suruali za mume wangu Lucius kwenye kamba.

Asubuhi hiyo alibisha hodi, akavua kofia, akasema, "Habari za asubuhi, Bi. Tarver." Niligeuka kuangalia kama mama mkwe wangu amesimama nyuma yangu, na mama mkwe wangu tulimzika miaka sita iliyopita.

Aliniuliza leo nina kazi gani. Nikamwambia hakuna cha maana, nataka kumkata Nettie Ruth miguu. Akashtuka. Ikabidi nimweleze. Aliposikia akaomba asimame pale pembeni ya jiko. Alisema, "Usifanye chochote kwa ajili yangu. Jifanye sipo." Kujifanya hayupo mtu mrefu namna ile, jikoni mwangu, ni kazi kubwa kuliko kufua.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo Naibu analishikilia, na hapa ndipo nilipokosea mimi, si Clement Rountree.

Mguu wa mtoto huchorwa akiwa amesimama. Lakini kwa kuwa Mchungaji Swann alikuwa ameniambia jana yake kwamba mgeni atapita kwangu, nilikuwa nimepiga deki jiko zima tangu alfajiri na sakafu ilikuwa bado mbichi. Karatasi ingelowa. Nami nilikuwa na aibu, sijazoea kutazamwa nikifanya kazi zangu. Nikamkalisha mtoto juu ya meza ya pasi, nikasogeza kiti, nikaweka karatasi juu ya kiti na mguu wake juu ya karatasi. Nikamchora hivyo, amekaa. Penseli ilikuwa inamtekenya. Akasema, "Mama, mwambie asinitazame vidole." Clement Rountree akacheka, na mimi nikacheka. Picha yenyewe haionyeshi tukicheka. Ilipigwa kabla kidogo, nilipokuwa nimeinama nafuata kisigino.

Jumatatu, tarehe 27 Agosti, saa kumi jioni, nilikwenda mlango wa nyuma wa duka la Bwana Hembree nikampa karatasi. Akaitumbukiza kwenye kiatu cheusi cha kamba, akaandika namba ya kiatu juu ya karatasi kwa penseli yake ya sikioni, akanifungia viatu pamoja na karatasi. Clement Rountree hakuwapo. Alikwisha ondoka na treni ya Jumapili.

Jumanne, tarehe 4 Septemba, siku ya kufungua shule, saa moja asubuhi, viatu havikuingia. Mguu uliokaa ni mdogo. Ukisimama unatandaa. Mimi nilijua hilo tangu nikiwa msichana na siku ile likanitoka kichwani kwa sababu ya deki. Nettie Ruth alilia, halafu akanyamaza aliponiona mimi nalia. Nikachukua kisu cha Lucius, nikachana visigino nyuma ili vidole vipate nafasi. Tangu siku hiyo anakwenda shule anaburuta viatu kama ndara, maili moja na nusu kwenda na hivyo hivyo kurudi, na anapita mbele ya shule ya Wazungu ambako kuna basi. Viatu vyenyewe ni hivi nimeviweka mezani leo. Leo mtoto yuko peku. Na karatasi ni hii. Namba iliyo juu yake si mwandiko wangu. Hakimu anaweza kuilinganisha na mwandiko wowote wa Bwana Hembree apendao.

Asubuhi hii Naibu ameniambia picha ni ya kuigiza kwa sababu mtoto amekaa. Amesema, "Kila mama mweusi kaunti hii humsimamisha mtoto kwenye karatasi. Hata mpishi wetu nyumbani." Nimefurahi kusikia kwamba anaijua desturi yetu vizuri kiasi hicho, maana karatasi aliyotaka niiwekee msalaba ilisema desturi hiyo haipo. Na mtu anayelipwa kuigiza hanunui kiatu kisichoingia.

Sasa hivi ameniambia niandike habari za picha tu. Hizi zote ni habari za picha.

Jumatatu, tarehe 8 Oktoba, Mchungaji Swann alipata jarida kutoka Chicago. Alinionyesha uani mwa kanisa. Nilijiona nimeinama, na kilemba kimekaa upande. Chini waliandika: "Bi. Ozella Tarver akichora mguu wa binti yake. Dukani mtoto haruhusiwi kujaribu kiatu." Sitasema uongo mbele ya sheria, neno la kwanza nililisoma mara nyingi kuliko mengine yote. Binti wa Bwana Hembree, mwenye miaka tisa, mimi namwita Bi. Mimi Wazungu wananiita Ozella tu, na nywele zikianza mvi wataniita Shangazi, ingawa sina ndugu hata mmoja katika nyumba zao.

Jumatano, tarehe 10 Oktoba, saa mbili asubuhi, nilikwenda kwa Bibi Hembree kuchukua nguo za pasi, kama nilivyofanya kwa miaka tisa. Alinikuta mlango wa jikoni, jarida mkononi. Habari za viatu hakuzigusa. Aliuliza, "Tangu lini wewe ni Bi?"

Nikamjibu, "Tangu tarehe 12 Juni 1943, kanisani." Akafunga mlango. Tangu hapo nyumba nne zimeacha kunipa nguo.

Jumanne, tarehe 16 Oktoba, yapata saa kumi na moja jioni, Clement Rountree alirudi. Alikuwa ameahidi kumletea Nettie Ruth picha yake, akaileta, imefungwa kwa karatasi nzuri. Tulimwambia mji umechafuka, afadhali angeituma kwa posta. Akasema aliahidi kwa mdomo wake. Lucius akavuta kiti, nikampakulia mboga za majani na mkate wa mahindi. Hajamaliza hata nusu sahani, Naibu Sherifu Purcell akaingia na mwenzake bila kubisha hodi, viatu vimejaa tope jekundu.

Nettie Ruth akasema, "Futa miguu kwanza." Ndivyo ninavyowaambia wote wanaoingia jikoni mwangu.

Naibu akamtazama. Mimi nikamziba mtoto mdomo kwa mkono wangu. Nilimziba kwa nguvu, meno yake nikayasikia kiganjani. Wakamwinua Clement Rountree, wakachukua kamera na mikanda ya picha mitatu. Wakachukua na picha ya mtoto. Naibu akamwambia kwamba mimi mwenyewe nitakuja kusema picha ni uongo. Clement Rountree akanitazama, akaniambia, "Bi. Tarver, sema ulichokiona, basi." Wakamtoa.

Usiku ule mtoto aliniuliza alikosa nini. Sakafu ilikuwa ya kwetu, na tope lilikuwa lao. Hakukosa kitu. Alisema nilichomfundisha, na mimi niliyemfundisha ndiye niliyemziba. Jambo hili nimelibeba siku tatu, na ndilo lililonifikisha hapa leo nikakataa kuweka msalaba.

Mimi ni mtu mwoga. Lucius anajua. Tangu Nettie Ruth azaliwe silali mpaka nimemsikia anavuta pumzi. Leo Naibu ameniuliza kama nimefikiria kazi ya mume wangu kiwandani, kama nimefikiria nyumba tunayokaa ni ya nani, kama nimemfikiria mtoto. Nimefikiria. Wala sijafikiria kitu kingine tangu Jumanne. Nimefikiria pia mama wa Clement Rountree, huko aliko, ambaye sijui kama ana habari. Wakisema ni mwongo atapelekwa shamba la wafungwa, na kijana mwenye vidole kama vile vya kushika kamera harudi na vidole vile.

Naibu Purcell hanijui kama mimi ninavyomjua. Shati alilovaa sasa hivi nimelipiga pasi mimi, nalitambua kwa ukosi. Huu ni mwaka wa tano. Najua anapenda wanga kidogo shingoni kwa sababu humchubua. Najua mkono wa kushoto wa shati hili ni mrefu kuliko wa kulia na mkewe aliupindia ndani. Nguo zake zinaingia kwangu chafu na kutoka safi, na sijawahi kumwambia mtu yeyote nilichokuta mifukoni. Kwa hiyo aliposema asubuhi kwamba mimi ni mwongo, alikuwa anajua kwamba sivyo.

Clement Rountree hakunipa chochote ila ile picha, na hiyo mmeichukua. Hakuniambia nikae wapi wala nimkalishe wapi mtoto. Kumkalisha lilikuwa kosa langu. Kilichomo kwenye picha kilifanyika jikoni mwangu siku ile, na kinafanyika jiko baada ya jiko upande wetu wa reli kila mwaka shule zinapokaribia. Naomba aachiwe. Naomba viatu virudishwe hakimu akishaviona, vibovu hivyo hivyo, maana ndivyo alivyo navyo mtoto.

Niliyoyaona na kuyafanya ni haya, nimeyaandika mwenyewe na kuyasoma tena toka juu. Sina la kupunguza.

(sahihi) Bi. Ozella Tarver

MAELEZO YA OFISA: Yaliandikwa mbele yangu kwa mkono wa shahidi, saa nne na dakika kumi asubuhi hadi saa saba na nusu mchana. Vielelezo vilivyopokelewa: jozi moja ya viatu vyeusi vya mtoto, visigino vimechanwa, karatasi moja ya kaki yenye umbo la mguu, ina namba kwa penseli. Shahidi aliagizwa aondoe neno lililo mbele ya jina lake kwenye sahihi. Alikataa. Nililikata kwa wino. Shahidi aliomba kalamu, akaliandika tena, kubwa zaidi.

D. Purcell, Naibu Sherifu