Shingo ya Kinyozi

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na shemeji umfikishie zake. Watoto hawajambo? Huku mvua imekatika na wateja wapo, ila mimi ndiye nimepungua.

Baridi yabisi yangu unaijua. Vidole vilianza kupinda kabla hujaolewa. Hiyo nilishaizoea. Kila asubuhi naloweka mikono kwenye maji ya moto hadi ikubali kushika mkasi, ndipo nafungua kibanda. Lakini mwaka huu shingo ikaanza kuuma mpaka kisogoni, na nikiinama kumnyoa mtu, kama umeme unashuka mgongoni hadi miguuni. Nikajikaza kisabuni. Nikawa najikwaa pasipo na kitu. Jirani akadhani nimeanza ulevi.

Siku moja nikimnyoa ndevu mwalimu mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, wembe uliniponyoka. Sikuuhisi ukitoka mkononi, dada. Ulimwangukia kifuani, bahati haukumkata. Alinitazama kwenye kioo, akasema, "Fundi, funga kibanda, twende hospitali." Akanipeleka mwenyewe.

Daktari, mama mmoja mpole, alinionyesha picha. Alisema ugonjwa wa viungo umelegeza mifupa ya juu kabisa ya shingo. Mmoja umeteleza na unabana ugwe wa mgongo, ule unaopeleka habari kutoka kichwani hadi mikononi na miguuni. Nikianguka vibaya naweza kupooza mwili mzima. Lazima waifunge kwa skrubu, mwisho wa mwezi ujao. Nikamtania kwamba kumbe kweli maji yamenifika shingoni. Alicheka peke yake.

Sasa navaa kola ngumu, na kibanda nimefunga. Nikisikia mtu anapita dirishani, nageuka mwili mzima kama kabati, na nikimaliza kugeuka keshapita. Siku inaweza kwisha sijaisikia hata sauti yangu.

Dada, kuna jambo nimelizungukazunguka. Daktari aliuliza nani atakaa nami baada ya upasuaji, anilishe na kunigeuza kitandani. Nikamjibu kwamba dada yangu anakuja. Nilimjibu hivyo wakati hata kuumwa kwangu sijakuambia. Kisu sikiogopi. Naogopa kufumbua macho, shingo haigeuki, na mbele yangu hakuna mtu.

Wabusu watoto. Shemeji aniwie radhi kwa ombi hili.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda