Mioyo Iliyopinda Kushoto

Toronto, 3 Mei 1937

Mpendwa Baba,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Mama, na kwamba goti lako limepata nafuu baada ya theluji kuondoka. Mimi mzima, ila usingizi umenipungua.

Mayai uliyonitumia, ili nichunguze kwa nini vifaranga vinafia ndani ya ganda, yalifika salama. Niliyaweka kwenye joto hadi siku ya tatu, nikatoa viinitete, yaani vifaranga vinavyoanza kuumbika, nikavigandisha katika nta na kuvikata vipande vyembamba kuliko karatasi, kuanzia kichwani hadi mkiani. Vipande hutoka vimeshikana kama utepe. Huulaza utepe huo juu ya kioo na kuusoma kwa hadubini. Katika umri huo moyo ni mrija tu, nao hujikunja kuelekea kulia. Katika mayai yako, Baba, mioyo yote imejikunja kushoto.

Nikisema ni kasoro ya kurithi, huenda nasema zaidi ya ninachokijua. Lakini sikuona vema kukuficha. Usifanye lolote bado.

Binti yako,
Neta

Nyumbani, Manitoba, 8 Mei 1937

Mwanangu Neta,

Salamu kwa jina la Bwana. Sisi wazima. Goti linauma mvua ikikaribia tu. Mama anauliza huko unakula nini.

Barua yako niliisoma mezani, na jirani yetu Wiebe alikuwepo. Akacheka: “Kornelius, umemsomesha binti ili aje akuambie kuku wako hawana moyo!” Nikamwambia moyo wanao, umekosea njia tu. Halafu akaacha kucheka, maana yeye na nusu ya kanisa wananunua vifaranga kwangu. Kama damu ni mbaya, nitawauziaje? Kuku hawa nimewachagua mmoja mmoja tangu hujazaliwa.

Lori la mchinjaji linakuja Jumatatu tarehe 17. Umesema nisubiri, lakini moyo uliopinda haunyooki kwa kusubiriwa.

Baba yako

Toronto, 14 Mei 1937

Baba,

Nisamehe nisipouliza hali kwa kirefu. Naomba tu muwe wazima. Jioni hii nimekupelekea telegramu: USICHINJE KUKU. Haya ndiyo maelezo yake.

Leo nimevitazama vioo upya na kugundua jambo lililopaswa kunishtua mapema. Kiinitete cha kuku wa umri ule hulalia ubavu wa kushoto. Vyangu vimelalia kulia. Si moyo peke yake. Kila kitu kimegeuka. Dufresne, tunayesoma naye, alichungulia akasema, “Dada wee, kuku wa baba yako wanajitazama kwenye kioo!” Kisha akaacha mzaha, akaniuliza: “Utepe uliulaza upande upi?”

Upande unaong'aa ndio unaopaswa kulala chini. Ukiulaza kinyume, kulia huwa kushoto. Nadhani niliulaza kinyume, na kwa kuwa nilifanya kazi yote kwa mpigo mmoja, nilikosea kote. Nasema nadhani: nta yote imekwisha kukatwa, sina cha kulinganisha. Bado yawezekana kuku wako wana kasoro kweli. Lakini siwezi tena kusimamia nilichokuandikia.

Tafadhali, lirudishe lori.

Neta

Nyumbani, 19 Mei 1937

Mwanangu Neta,

Salamu. Tupo.

Telegramu yako ilikaa stesheni. Jumamosi tulikuwa tunapanda ngano, hakuna aliyekwenda mjini, na Jumapili ni Jumapili. Tumeipata jana, Jumanne. Kuku waliondoka juzi. Mama alisimama mlangoni mpaka lori likapotea, akaingia ndani bila kuniangalia.

Nimekasirika, lakini sijui namkasirikia nani.

Unajua Jumapili hatuuzi wala hatupangi mayai ya kupeleka sokoni, tunaokota tu na kuyaweka stoo. Kwa hiyo ya Jumapili yapo, vikapu viwili. Ndiyo yaliyobaki ya ukoo wote ule. Mama anasema, “Mpe nusu akate, mtoto apate kujua.” Mimi sijui. Sema wewe, na uharakishe, mayai hayangoji.

Baba yako

Toronto, 23 Mei 1937

Mpendwa Baba, mpendwa Mama,

Nawasalimu kwa aibu, nikiwaombea nguvu.

Msinitumie hata moja. Nimeiandika sentensi hii na kuifuta, kwa kuwa huenda nakataa kwa hofu ya kile nitakachokiona. Inawezekana, sijui namna ya kuliondoa shaka hilo. Lakini kila kiinitete ninachokisoma nimekwisha kukiua, na mnachohitaji ninyi ni kuku. Yawekeni yote kwenye mashine ya kuangulia.

Yasipoanguliwa, nilikuwa sahihi mwanzoni na ushauri huu wa leo ndio kosa. Yakianguliwa, kosa langu limekugharimu kundi lako lote, Baba. Naomba iwe hili la pili, na ninaogopa kuliomba.

Binti yenu,
Neta

Nyumbani, 16 Juni 1937

Neta,

Wazima. Mama ameinama juu ya mayai tangu alfajiri. Anasema anasikia kitu kinagonga ndani ya moja. Mimi nimeweka sikio hapo hapo, sisikii. Ameniambia nisipumue kwa nguvu.

Nimeacha kupumua, nakuandikia.

Baba